RUHUSA ISIPANDE MELI (Sehemu ya 3)

1. Mama zangu, wadogo zangu, nesi wenu nimerudi. Leo nimekuja kugombana, mnisamehe. Nagombana na maneno matatu tu: "Tumsubiri baba watoto."

2. Huku Kigoma ukitaja meli, kila mtu atakupa historia ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa ziwani 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Ilienda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ndipo ikafungwa injini za dizeli. Historia tamu. Ila nauliza: miaka yote hiyo, wake wa mabaharia walikwenda kujifungua kwa ruhusa ya nani?

3. Kazi ya melini si mchezo. Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia, ni safari ya siku kadhaa. Vituo vingine havina gati. Meli inasimama majini, mitumbwi inaisogelea, watu wanapanda na magunia ya dagaa yanapakiwa, hata kama ni saa nane usiku. Fundi wa injini akimaliza zamu analala kwenye joto na kelele. Simu nayo mtandao unakata. Huyo mwanaume hajatoroka familia, yuko kazini. Wale wa "baharia ana mke kila bandari" leo mkae kimya kidogo.

4. Sasa sikilizeni. Usiku mmoja nikiwa zamu aliletwa dada, mimba ya miezi minane. Damu ilianza kumtoka jioni. Hela ya usafiri ilikuwepo, imefungwa kwenye kanga. Bodaboda ilikuwepo. Kilichokosekana ni neno la mume, na mume alikuwa katikati ya ziwa. Mama mkwe akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena. Wakangoja. Jirani alipochoka kungoja, ilikuwa inakaribia alfajiri.

5. Mama tulimuokoa. Mtoto hatukumuwahi. Baba alishuka melini baada ya siku mbili na zawadi ya nguo za kichanga. Aliniuliza, "Nesi, kwani mimi ningekataa?"

6. Jamani! Asingekataa! Hakuna aliyekataa ndani ya nyumba ile. Mtoto alikufa kwa kusubiri ndiyo ambayo wote walikuwa wanaijua.

7. Najua mtaniambia, "Nesi, mume ndiye kichwa cha nyumba." Sawa, sibishani. Meli nayo ina nahodha. Nahodha akienda kulala, usukani unabaki mikononi mwa mtu. Hakuna meli inayosimama katikati ya ziwa kungoja nahodha aamke ndipo ikwepe mwamba. Kama melini mnaachiana zamu, nyumbani mnashindwaje?

8. Kwa hiyo baba, kabla hujabeba begi, sema mbele ya mama yako, mkeo na jirani mmoja: "Nikiwa safarini, dalili ya hatari ikitokea, aende hospitali. Asiningoje." Hela ya usafiri iache kwa mkeo, si kwa shemeji. Namba ya bodaboda iandikwe ukutani.

9. Dalili zenyewe: damu kutoka, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, degedege, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza. Na baada ya kujifungua, damu nyingi inaweza kumuua mama ndani ya saa chache. Safari ya meli ni siku. Piga hesabu mwenyewe.

10. Mama mkwe, nakuheshimu, shikamoo. Ukimpeleka mkwe wako hospitali bila kuulizwa mtu, hujamvunjia mwanao heshima. Umemtunzia familia yake.

Una ndugu anayefanya kazi melini? Mtumie hii kabla meli haijang'oa nanga. Kesho sehemu ya 4: wauguzi wenzangu na ile kauli yetu ya "njoo na mwenzako". Huko nitagombana na sisi wenyewe.