Jicho Bila Breki Ni Pambo Tu

Najua mtaniambia: "Wewe ni wa Illasit, huko hakuna reli, treni inakuhusu nini?" Inanihusu. Wengi wetu tukienda Mombasa tunapanda matatu hadi Emali, halafu tunangoja SGR. Na reli ya Magadi inapita hapo Kajiado mjini. Kwa hivyo hii stori ni yetu pia.

Kama umewahi kupanda lori la nyanya, unajua mambo ya taniboi. Gari likisimama anashuka, anapitisha mkono karibu na rimu. Akihisi moto mwingi, safari imeisha hapo. Hakuna kubishana.

Treni pia ina beringi kwenye kila ekseli. Beringi ikianza kuharibika inapata moto, na ikizidi, ekseli inakatika, mabehewa yanaanguka. Dereva yuko mbele kabisa, hawezi kuhisi gurudumu la behewa la ishirini na tatu. Ndiyo maana kuna mitambo ya infraredi ya kuweka kando ya reli: treni ikipita, inasoma joto la kila beringi bila kuigusa. Ni taniboi asiyelala.

Lakini taniboi asiyesikizwa ni wa nini?

Angalia East Palestine, Ohio, kule Marekani, tarehe 3 Februari 2023. Mtambo wa kwanza ulikuta beringi moja imezidi joto la hewa kwa nyuzi 21 hivi za Selsiasi. Wa pili ukakuta 57. Treni haikusimamishwa. Mtambo uliofuata ulikuwa kilomita 31 hivi mbele, nao ukakuta 140. Hapo ndipo dereva aliambiwa asimame. Kumechelewa. Mabehewa 38 yakaanguka, moto ukawaka, na watu wakahama nyumba zao kwa sababu ya kemikali.

Mitambo iliona joto likipanda, ingawa ilisoma chini ya joto halisi la beringi. Shida nyingine ilikuwa kanuni za watu: umbali mrefu kati ya mtambo na mtambo, na kiwango cha kusimamisha treni kilichowekwa juu sana.

Kwa hivyo msitutulize na picha za mitambo. Kenya Railways, tundikeni mambo matatu ukutani pale Emali: mitambo iko kila baada ya kilomita ngapi, treni inasimamishwa ikifika nyuzi ngapi, na nani ana mamlaka ya kuisimamisha bila kupigia bosi simu.

Kuna watakaosema SGR ni mpya. Ilizinduliwa 2017, jamani. Beringi haisomi tarehe ya uzinduzi. Wengine watasema kusimama kutachelewesha abiria. Mimi nichelewesheni! Nitafika Mombasa usiku, nipigie mama simu nimwambie nimefika. Bora hivyo kuliko apigiwe yeye na mtu asiyemjua.

Kama una mtu anayepanda hiyo treni, sambaza hii.