BWANA SHAMBA ANASEMA: Magugu Yaliyobaki Ndiyo Yanayozaa

Ndugu wakulima na wafugaji wa Dakawa,

Mwezi huu tuzungumze juu ya dawa.

Mkulima wa mpunga anajua jambo hili. Ukipulizia dawa ya magugu pungufu ya kipimo, magugu dhaifu hufa. Yenye nguvu hubaki, na hayo ndiyo yanayozaa mbegu. Baada ya misimu kadhaa shamba hujaa magugu yasiyosikia dawa.

Mwilini ni vivyo hivyo. Vidonda vyenye usaha na magonjwa ya njia ya mkojo mara nyingi huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria. Dawa zake ni antibiotiki, kama pensilini na amoksilini. Mtu ameandikiwa vidonge vya siku 5. Anameza siku 2, anapata nafuu, vinavyobaki anampa jirani. Vijidudu vyenye nguvu vinaweza kubaki. Huzaliana, na huambukiza wengine. Siku mtoto wa nyumba hiyo atakapougua, dawa ile ile huenda isimponye.

Wazee wanakumbuka klorokwini. Ilitibu malaria kwa miaka mingi. Kisha vimelea vya malaria vikawa sugu. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Tusizipoteze antibiotiki kwa njia hiyo hiyo.

Wafugaji nasi tunahusika. Vijidudu sugu hutoka kwa mnyama na kumfikia mtu kwa njia ya maziwa, nyama na kinyesi.

Basi tufanye hivi:

1. Usinunue antibiotiki dukani bila kupimwa na kuandikiwa na mganga.
2. Meza dawa kwa siku zote ulizoambiwa. Usigawane.
3. Mafua hayaponi kwa antibiotiki.
4. Usiwape kuku antibiotiki kwa ajili ya kideri. Haitibu kideri. Kinga yake ni chanjo.
5. Ng'ombe akichomwa sindano, maziwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.
6. Nawa mikono kwa sabuni, tumia choo, chemsha maji ya kunywa. Asiyeugua hahitaji dawa.

Ukiwa na mashaka, muulize mganga wa zahanati au bwana mifugo kabla ya kutoa fedha yako.

Dawa hizi ni akiba ya kijiji kizima. Anayezitumia ovyo anakula akiba ya wenzake.