Tabibu na Aulize Chungu cha Mgonjwa

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ningependa ibandikwe mlangoni mwa kila zahanati inayotibu ugonjwa wa sukari, kwani maradhi haya hayatibiwi na daktari peke yake. Hutibiwa kila siku na mgonjwa mwenyewe, jikoni mwake na baina ya jamaa zake. Ushauri usioingia humo jikoni ni maneno matupu, hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Mfano ulio wazi watoka mbali. Katika jimbo la Arizona, huko Marekani, wanaishi Wapima, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia ambayo vitabu vya shule vilizoea kuyaita Wahindi Wekundu. Wenyewe hujiita Akimel O'odham, yaani watu wa mto. Kwa karne nyingi walichimba mifereji kutoka mto Gila, wakalima mahindi, maboga na maharagwe yanayostahimili ukame. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, walowezi wa Kizungu waliokaa upande wa juu wa mto waliyageuza maji yaende mashambani mwao. Watu wa mto wakabaki bila mto. Njaa ikaingia, na nyuma ya njaa ikaja posho ya serikali: unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Ndipo ilipoenea ile mikate ya kukaangwa, jamaa ya mahamri yetu, ambayo leo wengi huiona kuwa chakula cha jadi.

Kizazi baada ya kizazi kisukari kikazidi. Wako wasemao kuwa ni ulafi, na wengine husema ni damu yao tu. Lakini Wapima wako pia ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Meksiko, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa huko wenye kisukari walikuwa kiasi cha 7 katika kila watu wazima 100, hali wenzao wa Arizona walikuwa 38. Damu ni karibu moja. Maisha ndiyo mbalimbali. Haya basi, mtu aliyenyang'anywa maji na shamba, utamwambia "kula mboga" ukadhani umemtibu?

Wenyeji hao hawakukaa wakilia. Tangu mwaka 1968 wamekuwako wahudumu wa afya watokao katika jamii zao wenyewe, waendao nyumba kwa nyumba na kufahamu lugha na desturi za nyumba hizo. Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilitenga fungu maalumu la fedha za kupambana na kisukari katika mataifa hayo, na kila jamii ikapata nafasi ya kuipanga kazi kwa kadiri ya mila yake. Zahanati zikakazana kupima miguu, macho na figo mapema, na vidonge vya kulinda figo vikaenea. Pamoja na hayo, mafunzo ya chakula yakarudi kwenye mazao ya mababu badala ya orodha ya vyakula vya watu wengine.

Tazama matokeo: baina ya mwaka 1996 na 2013, kiwango cha watu wazima walioharibikiwa figo kwa sababu ya kisukari kilipungua kwa asilimia 54. Hao ni watu walioepushwa na mashine ya kusafisha damu, wakabaki na wajukuu wao.

Sisemi kuwa maharagwe ndiyo yaliyookoa figo hizo. La, vidonge na vipimo vilifanya kazi kubwa. Ila kidonge hakina miguu. Humfikia mgonjwa kwa mkono wa mtu anayeaminiwa, na imani haiuzwi dukani. Wala mila haitoshi pasipo haki. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2004, iliyowarudishia Wapima haki ya sehemu ya maji yao, mimi naihesabu kuwa ni dawa pia.

Nasi huku Pwani tuna letu la kujifunza. Ukija mwezi wa Ramadhani, mgonjwa akiambiwa "usifunge" na mlango ukafungwa, huenda akafunga kimyakimya na kuchezacheza na dawa, na hatari yake ni kubwa. Lakini akiulizwa anafuturu nini, anakula daku saa ngapi na dawa zake ni zipi, atapangiwa njia ya salama, au ataelezwa kwa upole kwamba ruhusa ya kutofunga iliwekwa kwa ajili ya mgonjwa kama yeye. Miongozo ya kitaalamu ya jambo hili ipo. Ule wa kimataifa wa mwaka 2016 ulirekebishwa mwaka 2021.

Basi enyi matabibu wetu, kabla ya kumkataza mtu wali wa nazi, muulizeni kwanza nani hupika kwake, na nini kinapatikana sokoni kwa fedha aliyo nayo. Hilo si adabu tu. Ni sehemu ya tiba yenyewe.