Kasi Ni Yako, Pesa Ni za Nani?

Kila wakati kuna mtu mjini anauza semina ya akili unde kwa wafanyakazi huru. Ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, cheti mwishoni. Ujumbe ni ule ule: jifunze kuiamuru mashine vizuri, utamaliza kazi ya wiki kwa siku moja. Watu wanapiga makofi. Hakuna anayeinua mkono kuuliza swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeuliza: zile siku nne zilizobaki zinaenda wapi?

Zinaenda kwa mteja. Ndiyo ugomvi wangu wote na semina hizi.

Tumalize kwanza la jina. Wataalamu wanavutana kati ya akili unde, akili mnemba na akili bandia. Moi Avenue wanasema AI na maisha yanaendelea. Mimi nimechagua akili unde, asiyependa avumilie.

Kazi yangu ni kutafsiri. Pia naandika matangazo, naweka maandishi chini ya video, chochote kinacholipa kodi ya nyumba. Ofisi yangu ni meza ya mkahawa ghorofani karibu na Tom Mboya Street, mahali ambapo chai moja hununua saa tatu za wi-fi ukijua kumsalimia mhudumu. Mwaka jana wakala mmoja niliyemfanyia kazi muda mrefu alinitumia barua pepe tamu sana. Kuanzia sasa mashine itatafsiri, mimi nitakuwa "napitia tu". Kwa hivyo shilingi 4 kwa neno imekuwa shilingi 1.

Kupitia tu! Aliyewahi kupitia tafsiri ya mashine anajua shughuli yake. Unasoma Kiingereza, unasoma Kiswahili, unabomoa sentensi, unaijenga upya. Vidole vinapumzika kidogo, kichwa hakipumziki, na kosa likipatikana jina linalotajwa ni lako. Maneno 2,000 yalikuwa yananichukua saa nane na kuniletea shilingi 8,000. Sasa ni saa tano na shilingi 2,000. Yaani nimetoka shilingi 1,000 kwa saa hadi 400. Nimekuwa mwepesi zaidi na maskini zaidi kwa mpigo mmoja, na bado naambiwa nishukuru kwa sababu kazi imerahisishwa.

Nairobi, kati ya miji yote, haifai kudanganyika hapa. Sisi ndio tuliokuwa tunawaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Wasee walilipa karo za wadogo wao na kununua ploti kwa kazi hiyo. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022, na mwanafunzi wa huko akapata mwandishi asiyelala na asiyelipwa. Miezi miwili baadaye, Januari 2023, jarida la TIME likaripoti kwamba matini chafu zilizotumika kuifunza mifumo ya OpenAI itambue uchafu zilikuwa zimesomwa na kuwekwa alama na Wakenya walioajiriwa na kampuni ya Sama, kwa mshahara usiofika dola 2 kwa saa. Mkataba wenyewe ulikuwa unalipa kampuni hiyo dola 12.50 kwa saa. Kisha Machi 2024 Remotasks ikawafungia Wakenya mlango, na watu waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo wakaamka wakakuta akaunti hazifunguki.

Kwa hivyo mtu akiniambia tatizo letu ni kutojua kutumia mashine, mimi hucheka. Vijana wa mji huu waliifunza. Tunachokosa ni nguvu ya kupanga bei.

Sasa, sijasema uitupe. Natumia akili unde kila siku, lakini nimeihamisha meza. Wengi wetu tumeiweka upande wa kuzalisha kazi, ambako kila dakika unayookoa inageuka sababu ya kukupunguzia pesa. Mimi nimeiweka upande ambao mteja haoni: mikataba, ankara, barua za kudai. Huko nikiokoa saa mbili, hakuna wa kuzikata.

Chukua mkataba. Kampuni inakutumia kurasa kumi na moja za Kiingereza cha mawakili na kukuomba utie sahihi kabla ya saa kumi. Zamani ungetia tu. Leo iulize mashine: nitalipwa lini hasa? Kazi inakuwa mali yao nikiikabidhi au wakishanilipa? Nimewekewa marekebisho mangapi? Utashangaa mara ngapi utakuta malipo ni baada ya siku 90 na marekebisho hayana kikomo. Kisha iambie ikuandikie jibu lenye heshima la kukataa vipengele hivyo viwili. Lakini futa kwanza majina, namba na siri za mteja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mteja akigundua faili yake iliingizwa kwenye mashine bila ruhusa, hutamwona tena.

Au chukua deni. Kila mfanyakazi huru hapa mjini ana mtu aliyemfanyia kazi akapotea. Wachache wanajua kwamba kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa, na unaweza kujisimamia bila wakili. Kinachowashinda watu ni kupanga vitu: nani aliagiza, lini, kwa WhatsApp au barua pepe, ulikabidhi tarehe gani, ulikumbusha mara ngapi. Hapo ndipo mashine inafaa kweli. Ipe tarehe zako, ikupangie kutoka mwanzo hadi mwisho, ikuandikie barua ya mwisho ya kudai. Mara nyingi barua hiyo peke yake hutikisa mtu. Ila usiiache ikutajie kesi za zamani bila kuzihakikisha. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga.

Kodi ni hivyo hivyo. Mteja akikata asilimia 5 kwenye malipo yako, dai cheti chake. Pesa hiyo inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, haikupotea. Mashine itakueleza mpangilio, ya mwisho uthibitishe na KRA wenyewe.

Na upande wa kazi yenyewe? Linda sikio lako. Iombe mashine tangazo la mkopo kwa mama mboga wa Muthurwa, itakupa "chukua hatua ya kwanza kuelekea uhuru wako wa kifedha". Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mama mboga hatafuti uhuru wa kifedha saa kumi na moja alfajiri, anatafuta magunia. "Ongeza stoku leo, lipa ukishauza." Maneno matano, na ukilipwa kwa neno umekufa njaa. Ndiyo maana matangazo nauza kwa kazi nzima.

Najua jibu la wengi: ukikataa shilingi 1, kuna mwingine Kawangware au Manila atakubali. Ni kweli. Lakini anakubali kwa sababu hajui mimi nilikuwa nalipwa 4. Tunafichana bei kama kwamba ni aibu, na wakala anatuona sote kutoka juu. Mei Mosi 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wanaosafisha mitandao na kufunza mashine hizi walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Walikuwa na sababu za kuogopa kuliko sisi wa mikahawani.

Nianze mimi. Yule wakala nimemkatalia. Kupitia tafsiri ya mashine sasa ni shilingi 3 kwa neno, na mashine ikiboronga kupita kiasi natafsiri upya kwa bei kamili, imeandikwa kwenye mkataba. Wateja wawili wamekubali, mmoja ameenda. Wewe unalipwa ngapi?