Santuri za Mfukoni na Taarabu Asilia

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kwenda kutia sauti yake katika santuri. Leo kila mtu hutembea na santuri zake mfukoni, nasi hatuna ugomvi na maendeleo hayo. Ugomvi wetu ni juu ya kinachotiwa ndani ya vyombo hivyo.

Ganuni, udi na nai zina sauti nyembamba zinazofifia polepole, na hizo ndizo za mwanzo kupotea. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hubakisha kama sehemu moja katika kumi na moja ya sidii, yenye kilobiti 1,411. Kilichotupwa hakirudi tena. Faili ya FLAC, iliyotoka mwaka 2001, hupunguza ukubwa kufikia nusu hivi pasipo kutupa chochote.

Basi mwananchi aendaye dukani aulize kwanza kama chombo kinapiga FLAC. Aulize pia kama kina nafasi ya kadi. Kadi ya gigabaiti 128 huchukua zaidi ya saa 300 za muziki wa namna hiyo. Tundu la waya wa visikilizio lisikosekane, kwani Bluetooth kwa kawaida huibana sauti upya. Asihadaike na muuzaji amtajiaye hertz 192,000: sikio la binadamu halisikii zaidi ya hertz 20,000, na kwa msikilizaji kiwango cha sidii kinatosha. (Chumvi ya hewa yetu ni shauri jingine, kila mwenye redio anaijua.)

Lakini chombo, hata kiwe bora namna gani, hakitoi kisichomo. Hapo ndipo tunapowageukia wakuu wa Serikali. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, na mengi ya yaliyopigwa visiwani tangu hapo yamo katika kanda za sumaku, nazo zinazeeka. Si haki kunakili kanda kwa MP3 kisha kuitupa kwa hoja kwamba kazi imekwisha. Kila ofisi yenye kanda iagizwe kutoa kwanza nakala kamili, ya biti 24 na hertz 96,000, ndipo itoe nakala ndogo za kugawa. Tunaomba agizo hilo litolewe kabla ya masika, kwani unyevu wa miezi hiyo ndio uletao ukungu kandani.