Shokapu Mpya, Tairi Kipara!

Wiki hii zamu ya wenye magari, ila na wewe wa lifti usifunge gazeti. Tairi likipasuka halichagui mwenye kadi ya gari.

Chukua mfano huu. Mtoto wa Sudi anayesaka maisha Dar kajipatia ka-IST kake, anataka kwenda nyumbani kusalimia wazee na, tusidanganyane, kuwaringishia kidogo wale aliowaacha kijiweni. Shokapu zinagonga kama ngoma. Anapita gereji, anafungiwa mpya zote nne, na kwa vile njia ya kuteremka Sudi haitaki gari la chini, anawekewa na spesa juu ya springi ili chombo kinyanyuke. Gari limesimama bomba! Fundi anapiga boneti: “Nenda, bosi wangu, hiyo sasa hivi ni ndege.”

Na kweli anaruka. Rufiji anavuka kwa Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003. Somanga anapita pale barabara ilipokatika Mei 2024 wakati wa Kimbunga Hidaya. Nangurukuru chai, Lindi huyoo. Akifika Sudi, stelingi imekaa upande, gari linavuta kushoto, na tairi za mbele ukizipapasa zinakwaruza kiganja kama msumeno. Kijiweni wanaanza: kijicho hicho, mjini kuna watu wabaya. Wapi! Hakuna aliyemroga. Ni alaimenti.

Iko hivi. Gari nyingi ndogo tunazoletewa kutoka Japani, mbele shokapu na springi zimevaana, na shokapu yenyewe ndiyo inayolisimamisha tairi. Imefungwa kwa bolti mbili, na matundu yake yana nafasi kidogo. Ukifungua na kufunga, tairi linaweza kuegemea ndani au nje kuliko lilivyokuwa. Ukiongeza spesa ndiyo kabisa, kwa sababu gari likipanda, amu na tairodi zinabadili mwinamo, na tairi zinaanza kutazama pande zisizo zake. Kwa macho huoni kitu. Lakini fanya hesabu: tairi likiwa limepinda digrii 1 tu, kila kilomita unayokwenda linaburuzwa kando kama mita 17. Dar mpaka Lindi ni zaidi ya kilomita 400. Maana yake umeliburuza tairi karibu kilomita 7 huku mwenyewe umetulia unasikiliza muziki!

Hapo hela imekwenda. Kibaya zaidi ni mvua. Tairi lililoisha upande mmoja halina meno ya kutosha ya kutoa maji, sasa ukutane na lori kwenye kona, nyuma umepakia mama na wadogo zako... tuache hapo.

Siyo kila spana inadai alaimenti, usije ukaliwa hela bure. Ukibadili linki za stabilaiza, au shokapu za nyuma za gari kama IST zilizokaa peke yake mbali na springi, huna haja ya kukimbilia mashine. Lakini shokapu za mbele, springi, amu, boljointi, tairodi endi, spesa: hizo hazina mjadala. Na ukifungiwa amu au busha mpya, mwambie fundi nati za busha azikaze kabisa gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Akizikaza likining'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejisokota na haukai muda.

Sasa uko Sudi, mashine ya alaimenti utaitoa wapi? Hapa ndipo wa mjini wanapowacheka wa pwani, na mimi nasema wanacheka wasichokijua. Fundi makini na mshipi wa kuvulia anaweza kukufikisha mjini salama. Gari liwe sehemu tambarare, upepo wa tairi uwe sawasawa, stelingi inyooke na ifungwe isicheze. Vigingi vinne, mishipi miwili, mmoja kila ubavu, usawa wa katikati ya tairi. Mishipi ilingane na gari lenyewe, siyo na ukuta wa nyumba ya jirani! Halafu anapima kwa rula kutoka kwenye mshipi mpaka ukingo wa mbele wa ringi, na mpaka ukingo wa nyuma, anarekebisha tairodi zote mbili, gari linasukumwa kidogo mbele na nyuma, anapima tena. Kazi ya subira hiyo, kama kusubiri pweza atoke pangoni.

Ila mshipi una mwisho wake. Unakuonyesha tairi linatazama wapi. Jinsi lilivyoegemea, ndani au nje, hiyo ni kazi ya mashine. Kwa hiyo taratibu mpaka Lindi au Mtwara, na piga simu kabla hujaondoka uulize kama mashine inafanya kazi. Kama springi ni mpya, zikishatembea siku chache zikakaa sawa, ndiyo vizuri zaidi.

Huko mjini nako fungua macho. Kuna fundi atakwambia “tumeshabalansi, inatosha”. Balansi ni ya tairi linalotetemesha stelingi ukikimbia. Gari linalovuta upande halitibiwi kwa balansi. Mwingine ndiye kiboko: anaona stelingi imepinda, anaichomoa, anairudisha imenyooka, anadai hela yake. Tairi ziko vilevile! Na mle kwenye stelingi mna mfuko wa hewa wa kukuokoa siku ya ajali, siyo mahali pa kuchezewa na kila mwenye bisibisi.

Kabla hujalipa, dai vipimo vya kabla na baada. Akisema karatasi zimekwisha, akuonyeshe kwenye kioo cha mashine, upige picha kwa simu yako. Kisha jaribu gari kwenye lami iliyonyooka, fundi mwenyewe akiwa kiti cha pembeni. Likivuta bado, geuza papo hapo.

Wiki ijayo tunashuka kwenye breki. Mkae poa!