Vekta ya Kubofya Si Vekta

Watu wengi wanaamini kwamba picha ndogo iliyotumwa kwa WhatsApp inaweza kugeuzwa kuwa vekta kwa kubofya mara moja, kisha ikachapishwa kwenye bango la mita 6 bila kasoro. Hilo si kweli, na wanaotutoza pesa kwa kazi hiyo wanajua kuwa si kweli.

Tutazame bendera ya Uganda. Picha yake ya JPEG ni vitone tu, yaani pikseli; ukiikuza, vinaonekana kama matofali. Faili la SVG ni maandishi yanayoeleza: hapa pana mstatili mweusi, upana huu, kimo hiki, chini yake wa njano, kisha mwekundu. Milia 6 ni mistatili 6. Mwanafunzi yeyote anaweza kuiandika kwa mkono, na itatoka safi kwa ukubwa wowote.

Sasa iachie programu ya Inkscape iifuatishe picha hiyohiyo yenyewe. Programu haijui kwamba ile ni bendera. Inaona tu mahali rangi zinapobadilika, na JPEG iliyobanwa sana ina ukungu kwenye kila mpaka. Basi mpaka ulionyooka unapata nundu, kati ya nyeusi na njano kunazuka ukanda wa rangi ya tope, na korongo wetu aliyeinua mguu mmoja huenda akaupoteza. Taji lake ndiyo usiseme!

Afadhali hao. Wengine huitia JPEG nzima ndani ya faili la SVG, basi. Lifungue kama maandishi: ukikuta neno «image» likifuatwa na kurasa za herufi zisizosomeka, umenunua vitone vilevile.

Nitaambiwa kwamba kufuatisha kuna manufaa. Ndiyo, kwa saini, au mchoro wa kalamu uliopigwa skani vizuri. Potrace, programu ya Peter Selinger iliyomo ndani ya Inkscape, iliundwa kwa picha za nyeusi na nyeupe. Lakini nembo ya chuo ina rangi na kaulimbiu. Ikifuatishwa, herufi zinageuka maumbo, na kosa la tahajia halisahihishwi tena kwa kibodi. Nembo hiyo ichorwe upya na mtu, juu ya picha ya zamani. Chuo kilichopoteza faili la asili kimlipe mchoraji mara moja, badala ya kutuma picha ya simu kila mahafali yanapokaribia.